Merikebu Zisizotoa Kisogo

Naanza kwa kuapa: nchi ninayoisimulia hapa haimo katika ramani yoyote, haijawahi kuwapo, na mfalme wake hafanani na mtu yeyote unayemjua wewe. Ukimfananisha, hiyo ni shida yako na macho yako.

Zamani sana, basi, nchi hiyo ilikuwa dola kongwe yenye milima mingi, mabonde mengi, na watumishi wa serikali wengi kuliko milima na mabonde ukivijumlisha. Upande mmoja ilipakana na bahari. Hakuna aliyeijali bahari hiyo isipokuwa watu wachache waliochemsha maji yake wapate chumvi. Upande wa pili wa mlango wa bahari, mahali ambapo siku ya jua kali uliweza kuona moshi wa majiko yao, palikuwa na dola nyingine kongwe. Watu wa kwetu waliwaita wale Ng'ambo. Na wale, kwa ufidhuli usioelezeka, wakatuita sisi Ng'ambo.

Vita vilianza kwa barua ya pole. Mfalme wa Ng'ambo alimwandikia mfalme wetu kumpa pole ya jino, na chini ya barua akatia jina lake: Simba wa Nchi Kavu, Bwana wa Bahari. Mfalme wetu aliposoma, jino likapona papo hapo kwa hasira. Akaagiza aletewe orodha ya majina yake mwenyewe ya heshima. Yalikuwa arobaini na moja. Alikuwa Bwana wa Milima, Baba wa Mvua, Shemeji wa Radi, Mlezi wa Mito Mikubwa na Midogo. Bahari haikuwamo.

"Nani alisahau bahari?" aliuliza.

Wakubwa wakatazamana. Kusahau kitu chenye ukubwa ule kulihitaji ushirikiano wa idara nyingi.

Jioni hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Bahari. Makao yake yakawekwa juu ya mlima mrefu kuliko yote, mwendo wa siku mbili kutoka pwani, ili bahari yote iweze kusimamiwa kwa mtazamo mmoja. Akateuliwa Amiri Mkuu, Mheshimiwa Zubeiri wa Mlimani, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hajawahi kuigusa bahari maishani mwake, na kwa hiyo hakuwa na upendeleo.

*

Merikebu zilikuwa sita. Lazima niseme ukweli: mafundi walizijenga vizuri, kwa kuwa hakuna kiongozi aliyekwenda kuwaelekeza. Kila merikebu ilikuwa na wapiga makasia hamsini, na kwenye omo, yaani pale mbele kabisa, palichongwa kichwa cha mfalme kikimkodolea adui macho.

Wapiga makasia hawakupelekwa pwani. Mafunzo yalifanyika mlimani, kwenye uwanja wa gwaride, juu ya mabenchi, kwa sababu Wizara iliona si busara kuwaonyesha bahari mapema wakaizoea. Mbele ya mabenchi kiliwekwa kichwa cha mfalme cha mazoezi. Wanaume mia tatu walikaa, wakashika makasia, wakavuta vumbi.

Na sasa nieleze desturi moja ya nchi hiyo, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kumpa mkubwa kisogo lilikuwa kosa la jinai. Ukitoka mbele ya mkubwa, ulitoka kinyumenyume, uso kwake, mpaka mlango ukupokee mgongoni. Majengo yote ya serikali yalikuwa hayana ngazi za nje, tangu zilipowaangusha mabalozi wawili. Hata Ng'ambo walikuwa na desturi hiyohiyo, ila wakiifanya wao sisi tuliiita unafiki.

Siku ya ukaguzi, Amiri Mkuu alifika uwanjani akiwa amebebwa kitini, na Katibu wa Wizara, Bwana Ngwali, akimfuata na mwavuli. Amiri akawatazama wapiga makasia kwa muda mrefu.

"Ngwali."

"Labeka, Mheshimiwa."

"Kile pale si kichwa cha Mtukufu Mfalme?"

"Ndicho chenyewe."

"Na hawa watu mia tatu wamekielekezea nini?"

Bwana Ngwali akatazama. Kila mpiga makasia alikuwa amekaa kama wapiga makasia wanavyokaa duniani kote: uso nyuma, mgongo kule chombo kinakokwenda.

"Visogo, Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Visogo mia tatu! Kwa mfalme! Na huko mbele atakuwapo adui, na adui naye tumpe visogo, aseme tunakimbia?"

Ndipo ilipotoka Amri Namba Moja ya Wizara ya Bahari: wapiga makasia wote wageuke, watazame mbele kwa uso wa ujasiri, na waendelee kuvuta vilevile walivyofundishwa. Wakageuka. Wakavuta. Vumbi likatimka kama kawaida, na Amiri Mkuu akasema ameona mabadiliko makubwa.

*

Miongoni mwa wale mia tatu alikuwamo Hatibu, mpasuaji kuni kutoka pwani, mwenye mabega kama mlango wa boma. Mkewe, Siwema, alikuwa mchemsha chumvi. Kila mwisho wa mwezi Siwema alipanda mlima na kikapu cha chumvi ya jikoni kwa jeshi, na huo ndio ulikuwa mwanya wake wa kumwona mumewe.

Mwezi ule alikuta pale langoni pa Wizara jiwe refu jeupe, na fundi mmoja, Machano, amelikalia kwa tindo na nyundo. Siwema alijua kusoma. Akasoma: MASHUJAA WALIOIFIA BAHARI. Chini yake majina. Akashuka nayo kwa kidole mpaka kidole kikasimama.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, dada."

"Huyu Hatibu Faki wa pwani, amekufa lini?"

"Bado," alijibu Machano, akipuliza unga wa jiwe. "Alhamisi ya wiki ijayo, bahari ikiwa shwari."

"Nani kasema?"

"Kamati ya Maandalizi. Vita vilivyopita jiwe lilichelewa miaka kumi na moja, mpaka wajane wakaolewa upya, na wageni rasmi wenyewe wakafa. Safari hii wamesema kila kitu kiwe tayari mapema. Wamenipa orodha ya wapiga makasia, ninanakili tu." Akamtazama. "Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

"Ahaa. Basi pole, dada. Pole ya mapema."

"Na Amiri Mkuu mbona simwoni humu?"

"Yule hafi," alisema Machano. "Yule ndiye atakayesoma hotuba."

Siwema aliweka kikapu chini. Hakulia, alikuwa na hasira, na kwake vitu hivyo viwili havikuwahi kukaa pamoja. Akatazama ng'ambo ya lango, uwanjani, akamwona Hatibu wake benchi la tatu, anavuta vumbi kwa bidii huku akikitazama kichwa cha mfalme. Akakunja uso. Akasema, "Hawa wamekaa kichwa chini miguu juu." Akaenda moja kwa moja ofisini.

*

Alipokelewa, maana chumvi yake ilijulikana. Akamweleza Amiri Mkuu mbele ya wakubwa wote.

"Mheshimiwa, mimi sijui vita, ila maji nayajua. Kuna kafi na kuna kasia. Kafi unalishika mkononi, unatazama unakokwenda. Kasia limefungwa ubavuni mwa chombo; unalivuta kuja kifuani, na chombo kinakwenda upande wa mgongo wako. Mmewageuza watu, lakini wanavuta vilevile. Merikebu zitarudi nyuma."

Amiri Mkuu akatabasamu kama mtu anayesikia mtoto akihesabu.

"Kwa hiyo unasema, mama, kwamba chombo cha serikali kielekee upande ambao wanaokiendesha hawautazami?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hilo halijawahi kutokea katika nchi hii."

Wakubwa kadhaa walipatwa na kikohozi.

Lakini Amiri Mkuu alikuwa mtu wa haki. Akaunda kamati ya watu tisa ifanye utafiti wa kina. Kesho yake wapiga makasia walikaa uwanjani, nyuso mbele, wakavuta kwa nguvu zao zote tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kamati ikapima kwa kamba. Hakuna benchi hata moja lililorudi nyuma, hata kwa upana wa kidole. Taarifa ikasomwa, makofi yakapigwa. Siwema akakabidhiwa onyo la maandishi, lenye mhuri, kwamba amepatikana na kosa la kuijua bahari bila kibali.

Aliruhusiwa kumuaga mumewe kwenye uzio. Hatibu alikuwa amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Wamekuonya?"

"Kwa maandishi."

"Si nakuambia kila siku unyamaze? Wewe mdomo wako, Siwema, siku moja utaupeleka mahali ukashindwa kuurudisha."

"Jina lako liko kwenye jiwe, Hatibu. Mstari wa kumi na saba. Limechongwa vizuri, hata nukta."

Hatibu akashika uzio kwa mikono yake miwili. "Nimeliona," alisema. "Tumeliona sote. Tunapita pale tukienda kula."

Kisha Siwema akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa kitu gizani, "Ukivuta hivyo walivyokuweka, unamtazama mfalme, chombo kitakwenda wapi?"

"Kitarudi nyuma. Kila mtu wa pwani anajua."

"Na ukiwa umemwelekea adui, nyuma yako kuna nini?"

Hatibu akafikiri. Mabega yake yakashuka kidogo kidogo, mpaka meno yakaonekana katikati ya vumbi.

"Kuna kwetu."

"Basi vuta, mume wangu," Siwema alisema. "Wakiamrisha kushambulia, vuta mpaka mishipa ikutoke. Na uwaambie wenzako. Siku hiyo sitaki kusikia mtu mvivu."

*

Alhamisi ilifika, na bahari ikawa shwari kama ilivyoagizwa. Merikebu sita zilikuwa zimepandishwa pwani, pua kwenye mchanga. Mfalme mwenyewe alihudhuria. Itifaki ilizingatiwa kwa saa nne. Mstari wa mbele kabisa waliketishwa Wajane Watarajiwa, wamevishwa kaniki nyeusi, na mwalimu wa kwaya akapita kuwafundisha mahali pa kulilia. Jiwe nalo lilikuwa limeburutwa kutoka mlimani kwa ng'ombe thelathini, likafunikwa kitambaa. Mfalme angelizindua wakati uleule wa shambulio, ili wageni wasikae sana juani.

Mfalme hakuwa mjinga. Alikuwa mfalme tu. Alipokuwa akipita mbele ya wajane, akasimama.

"Yuko wapi yule mwanamke aliyesema merikebu zangu zina kasoro?"

Katibu Ngwali akamwonyesha. Siwema akainuka na kaniki yake.

"Nasikia hawa wataalamu wangu walikusikiliza kwa sikio moja," mfalme alisema. "Mimi nina mawili. Sema. Kuna kasoro, niwageuze watu sasa hivi?"

Amiri Mkuu alitoa leso. Siwema akamtazama mfalme, akaona kwamba kweli anasikiliza, na neno moja tu lingetosha: makasia yangekwenda yanavyopaswa kwenda, merikebu zingefika Ng'ambo barabara, na jiwe lingekuwa kweli kabla ya adhuhuri. Akalitazama lile jiwe chini ya kitambaa. Akamtazama Hatibu, aliyekuwa merikebu ya pili, kasia mkononi.

"Hakuna kasoro, Mtukufu," alisema. "Kamati imepima kwa kamba. Watafika salama."

Ngoma zikalia. Wapiga makasia wakavuta, na merikebu zote sita, ambazo pua zao zilikuwa mchangani, zikateleza kinyumenyume kuingia baharini kwa ulaini wa ajabu, wanaume mia tatu wakiwa wamewaelekezea mfalme na wakubwa nyuso zao mpaka mbali. Hakujawahi kuonekana kuaga kwenye adabu kama kule. Mfalme alilia. Amiri Mkuu akamgeukia Siwema, akasema, "Umeona, mama? Uongozi."

Katikati ya mlango wa bahari merikebu zikageuzwa, kwa taabu na kelele, ili kichwa cha mfalme kimtazame adui. Adui naye alikuwa amefika, merikebu sita, kila moja na kichwa cha mfalme wake. Pande mbili zikatazamana. Tarumbeta ikalia: Shambulia!

Hatibu alivuta. Wote walivuta. Hakuna jeshi lililowahi kuvuta hivyo. Makasia yalipinda kama mianzi. Na merikebu zetu zikaondoka vitani kwa kasi ya kutisha, macho makali mbele, kuelekea nyumbani.

Ingekuwa aibu kubwa, isipokuwa Ng'ambo walikuwa na majasusi hodari. Mmoja alikuwa amejificha miezi mitatu kati ya wapishi wa Wizara, akaiba Amri Namba Moja, akaipeleka kwao kama silaha ya siri. Nao waliifuata barabara, na merikebu zao zikarudi nyuma vilevile.

"Wanakimbia!" Amiri Mkuu alipiga kelele, akiruka juu ya kiti chake. "Ng'ambo wanakimbia! Tazameni wanavyokuwa wadogo!"

"Mheshimiwa," alinong'ona Bwana Ngwali, "zetu nazo zinakuwa kubwa."

"Zinarudi na ushindi, Ngwali. Ulitaka mshindi aende wapi?"

Upande wa pili, watu wa Ng'ambo walikuwa wakipiga kelele kwa maneno yaleyale.

Wakati huo mfalme alikuwa amevuta kitambaa, anasoma majina ya mashujaa waliokufa. Alikuwa mstari wa kumi na sita merikebu ya pili ilipopanda mchanga kwa tezi, yaani kwa makalio yake, ikasimama ghafla, na Hatibu akaruka kutoka benchini, akaanguka chali hatua tatu kutoka kwa mkewe.

"Hatibu Faki wa pwani," mfalme alisoma kwa majonzi.

"Nimefika?" Hatibu aliuliza kutoka mchangani.

"Umefika," Siwema alisema, akaketi palepale. "Nyamaza sasa. Wanakusoma."

*

Baraza lilikaa siku tisa. Hoja ilikuwa nzito. Jiwe lilikuwa limezinduliwa kwa mkono wa mfalme, mfalme hakosei, kwa hiyo waliokosea ni wale mia tatu. Kufuta jina kungekuwa kumwambia mfalme kwamba amezindua uongo. Hatimaye Bwana Ngwali akasimama sokoni akasoma tamko: "Serikali inawashukuru mashujaa wetu waliokufa, na inawaomba warejee majumbani kwao kwa utulivu."

Mfalme wetu akaongeza jina la arobaini na mbili, Bwana wa Bahari. Mfalme wa Ng'ambo akabaki na lake. Bahari yenyewe haikupewa nakala.

Siwema alifanyiwa kila kitu cha mjane. Siku ya arobaini serikali ilileta mchele na mbuzi, na Hatibu akala pilau ya arobaini yake mwenyewe, nyuma ya pazia kwa ajili ya heshima.

"Mpeni marehemu mchuzi," majirani walicheka. "Marehemu anasema nyama haikumfikia."

Siwema ndiye hakucheka sana. Alikuwa anafikiri.

Mwaka haukwisha mfalme wa Ng'ambo akaandika barua nyingine, na chini yake: Bwana wa Bahari na Mawimbi Yake. Vita vya pili vikatangazwa. Ofisa wa kuandikisha askari akafika kwenye jiko la chumvi na orodha.

"Mama, tunamtaka Hatibu Faki. Tumesikia ana mabega."

"Alikuwa nayo," Siwema alisema, akaikaza kaniki yake. "Twende nikuonyeshe alipo."

Akampeleka kwenye jiwe. Ofisa akasoma mstari wa kumi na saba, akakakamaa, akapiga saluti, akaondoka kinyumenyume. Nyuma ya jiko, marehemu alikuwa anapasua kuni.

Habari kama hiyo haikai sehemu moja. Kufikia Ijumaa, mbele ya karakana ya Fundi Machano palikuwa na foleni ya wanaume wa mikoa yote, kila mmoja na kuku kwapani.

"Fundi, niandike na mimi."

"Umeifia bahari?"

"Nimeifia vibaya sana."

Jiwe likajaa, likaongezwa la pili, la tatu, likawa ukuta. Kwa kuwa mashujaa ni sifa ya taifa, Wizara ilifurahi, na kila ukuta uliporefuka mfalme aliuzindua. Kwa hiyo tarumbeta ya vita vya pili ilipolia, wanaume wote wa nchi hiyo walikuwa wamekwisha kufa kwa heshima, isipokuwa wale walioamini kwamba majiwe ni ya watu wengine: Amiri Mkuu, Katibu wake, kamati ya watu tisa, na wakubwa wa idara zote.

Wakapelekwa pwani. Wakakalishwa kwenye mabenchi, nyuso mbele, kama Amri Namba Moja inavyotaka, na mfalme akaketi kuwaaga. Amiri Mkuu alilishika kasia kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Kwa mara ya kwanza maishani maji ya bahari yalimrukia mguuni, na akagundua kwamba alikuwa na upendeleo.

Siwema alikuwa akipita na kikapu chake cha chumvi.

"Mama," Amiri Mkuu aliita kwa sauti ya chini, akijifanya anakaza kamba. "Mama, njoo kidogo. Ile habari yako ya kafi na kasia. Hebu nikumbushe. Mtu akitaka kurudi nyumbani, atazame wapi?"

Wakubwa wote wakainamisha masikio. Hata Bwana Ngwali aliuteremsha mwavuli.

Siwema akaingiza mkono kikapuni, chini ya chumvi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri, akaikunjua.

"Mheshimiwa, ningependa sana kukusaidia," alisema. "Lakini mimi nilionywa kwa maandishi. Sina kibali cha kuijua bahari."

Akaikunja karatasi yake, akaibana kifuani. Kisha, mbele ya mfalme na wakubwa wa idara zote, akageuka, akawapa kisogo, akaenda nyumbani kwa marehemu wake, akitazama anakokwenda.